Motokaa ya Klachi Mbili katika Nchi ya Joto na Mchanga

Hotuba ya fundi mmoja wa reli mbele ya wanachama, Garissa



Katibu ameniomba niseme machache juu ya motokaa hizi za otomatiki zenye klachi mbili, kwa kuwa wanachama kadha wamekwisha kuzinunua, na wengine wamo katika kujaza fomu za mkopo ili wazinunue. Pengine mtauliza, mtu wa reli ana habari gani na motokaa, tena hapa Garissa ambapo reli haijafika? Ni kweli haijafika. Reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa mpaka Isiolo ilitiwa katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012, nasi tungali tukiingoja. Lakini mimi ni fundi wa karakana ya injini za treni, kwetu ni Madogo, hapo ng'ambo ya daraja, na kila likizo naja nyumbani na motokaa yenye giaboksi ya namna hiyo, nimepakia mke wangu, watoto watatu na mizigo ya mama. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, darasa la nane. Basi msitazamie maneno ya injinia. Nitasema kama fundi asemavyo na fundi mwenzake.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni la Chama na si la gereji tu. Mfanya kazi hanunui motokaa kwa fedha za mfukoni. Hukopa katika Sacco, wenzake humdhamini, na kila mwisho wa mwezi deni hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inakataza makato yote pamoja kupita thuluthi mbili za mshahara. Maana yake ni kwamba mtu aweza kubaki na thuluthi moja tu ya kula, ya karo na ya kodi ya nyumba. Giaboksi ikifa wakati huo, thuluthi hiyo haiitengenezi. Motokaa hukaa chini ya mwarobaini, deni linakwenda, na siku mkopaji akishindwa, wadhamini ndio huitwa. Nawajua watu wawili hapa mjini waliofikiwa na hali hiyo, mmoja ni mwalimu na mwingine ni karani. Sitawataja majina.

Sasa tuitazame giaboksi yenyewe.

Motokaa ya gia za mkono ina klachi moja. Ukikanyaga klachi, nguvu ya injini hukatika, unabadili gia, unaachia. Otomatiki ya zamani, ile ya Toyota nyingi mnazozijua, haina klachi ya namna hiyo kati ya injini na giaboksi. Ina kama pangaboi mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Moja huzungushwa na injini, nayo husukuma mafuta, na mafuta huzungusha ya pili. Mafuta hayana ubishi. Ukisimama katika foleni huku gia imeingia, pangaboi ya pili husimama tu na mafuta yanazunguka. Hakuna bamba linalosugua bamba.

Hii ya klachi mbili ni mbali kabisa. Ndani yake ni gia za mkono hasa, ila mkono na mguu ni wa kompyuta. Klachi ya kwanza ina gia ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Klachi ya pili ina gia ya 2, ya 4 na ya 6. Wakati unakwenda na gia ya 3, ile ya 4 imekwisha kuingizwa tayari na inangoja. Watu wa reli wataelewa upesi: ni kama stesheni yenye njia mbili, treni moja inatoka na nyingine imekwisha kupewa signali. Kinachobaki ni klachi moja kuachia na ya pili kushika, nalo ni jambo la kupepesa jicho. Nguvu haikatiki. Ndiyo sababu motokaa hizi huenda kama maji na hunywa petroli kidogo. Barabara ya lami kutoka Mwingi kushuka mpaka Ukasi na Bangale, mtu akiwa na mwendo wa kiasi, sijaona otomatiki nyingine ya kuishinda kwa raha. Nasema haya ili msifikiri nimekuja kuitukana.

Fikira yenyewe si ya jana. Mfaransa aitwaye Adolphe Kégresse aliibuni mwaka 1939. Huyu hapo nyuma alikuwa fundi wa motokaa za mfalme wa Urusi, naye ndiye aliyetengeneza minyororo ya mpira ambayo motokaa za Citroën ziliitumia kuvuka jangwa la Sahara. Mwaka 1924 na 1925 msafara wa motokaa hizo ulitoka Algeria ukafika Afrika ya Mashariki, na kundi moja likateremka mpaka Mombasa. Kwa hiyo mtu huyo alijua mchanga. Lakini giaboksi yake haikupata nafasi kwa sababu ya vita na kwa sababu hapakuwa na kompyuta ya kuiendesha. Kampuni ya Volkswagen ndiyo iliyoanza kuiuza kwa wingi, mwaka 2003. Wengine wakafuata.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza, maana klachi hizo ni za namna mbili. Nyingine zimelowa, yaani bamba zake huoga ndani ya mafuta, na mafuta hubeba joto. Nyingine ni kavu. Klachi kavu ni ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, nayo ndiyo hutiwa katika motokaa ndogo za nyumbani. Haina cha kuipoza ila upepo. Nanyi mnaujua upepo wa Garissa mwezi wa Februari.

Nawapa habari tatu za kampuni zenyewe, kwa sababu kuna mafundi wanaomwambia kila mwenye motokaa kwamba ubovu ni wa dereva.

Mwezi wa Machi 2013, Volkswagen iliita motokaa 384,181 huko China kwa ajili ya giaboksi za klachi mbili, baada ya malalamiko mengi ya wenye magari. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, iliita nyingine katika nchi nyingi, zaidi ya milioni moja, ili mafuta ya giaboksi yabadilishwe. Mafuta waliyotia mwanzo yaliweza kuleta hitilafu ya umeme ndani ya giaboksi, hasa katika nchi za joto na unyevu ambako magari husimama na kuondoka mara kwa mara.

Honda ilitoa Fit ya haibridi yenye klachi mbili na gia 7 mwezi wa Septemba 2013. Kufika Oktoba 2014, motokaa hiyo ilikuwa imeitwa mara tano. Si mara zote kwa ajili ya gia, lakini baadhi yake zilikuwa za kompyuta inayoendesha gia. Na hapa pana jambo litakalowapendeza wanachama: wakubwa wa kampuni walikatwa mishahara, rais wake asilimia 20 kwa miezi 3. Ningependa kuishi niione desturi hiyo ikivuka bahari.

Ya tatu ni ya Australia. Ford iliuza huko Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi iitwayo PowerShift. Watu wakalalamika kwamba motokaa zinatetemeka zikiondoka. Wengi wakaambiwa ni namna wanavyoendesha. Mwaka 2018 mahakama iliitoza kampuni hiyo dola za Australia milioni 10 kwa namna ilivyowatendea wateja hao. Ndugu zangu, nani katika sisi hajawahi kuambiwa kwamba mashine ni nzima na mfanya kazi ndiye mbovu? Wale hawakunyamaza, ndipo wakasikilizwa.

Haya, turudi kwetu.

Mtu wa Nairobi akisema juu ya msongamano anafikiri ni Pangani. Sisi tuna foleni yetu. Unatoka Nairobi kilomita mia tatu na zaidi, umepita vizuizi vya polisi kimoja baada ya kingine, na unafika darajani Tana saa nane mchana. Hapo watu wateremshwa, vitambulisho vyatazamwa, magari yanasogea hatua mbili, yanasimama, yanasogea hatua mbili. Hali ya usalama imetulazimu hivyo na sina ubishi na askari. Ila hiyo hatua mbili ndiyo sumu ya klachi kavu. Motokaa inapojivuta polepole kama kobe, klachi haijashika na haijaachia, inasugua nusu kwa nusu. Ni sawa na dereva wa gia za mkono anayekaa na mguu juu ya klachi mchana kutwa. Katika ile otomatiki ya pangaboi ni mafuta yanayozunguka. Katika hii ni bamba linaloungua.

Wenzangu wa treni wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Injini ya dizeli ya reli haina klachi wala gia za kubadili. Dizeli huzungusha jenereta, na umeme huendesha mota za magurudumu. Hata hivyo, ukiivutisha mzigo mzito mlimani kwa mwendo wa kutambaa, mshale wa ampea unapanda na saa inahesabu, na ukipita muda uliowekwa, mota zinaungua. Chombo chochote kinachovuta kwa nguvu huku hakiendi kinatengeneza joto. Tofauti ni kwamba dereva wa treni amepewa saa na mshale na kitabu cha sheria. Baba mwenye Fit au Golf amepewa kitaa kidogo, tena mara nyingi kikiwaka gia imekwisha kupata moto.

Mimi kitaa hicho nilikiona upande wa Madogo, tukiwa na magari kama arobaini mbele yetu. Nilijitoa kando, nikatia gia ya P, nikawatoa watoto wakae kivulini mwa lori. Tulikaa karibu saa nzima. Watu walipita wakisema motokaa ya bwana wa reli imekufa. Baadaye kitaa kilizimika tukavuka. Tangu siku hiyo nafanya hivi, nanyi mwaweza kufanya: sisogei kwa hatua mbili. Naacha gari la mbele liende, nafasi ya gari tatu au nne ifunguke, ndipo naondoka mara moja, klachi inashika yote, nasimama tena. Wa nyuma watapiga honi. Waache wapige. Foleni ikiwa imelala, natia N au P, sikai na D huku nimekanyaga breki kidogo kidogo na gari linajisukuma.

Mlimani usiishike motokaa kwa eksereta. Wako wanaopenda kuonyesha kwamba gari limesimama juu ya kilima bila breki. Hapo klachi ndiyo breki, nayo inalipa. Shika breki ya mkono, halafu ondoka.

Mchanga nao. Wanachama wenye nyumba nje ya lami, upande wa Dadaab au ndani ya vijiji vya kando ya mto, wanajua kwamba gari dogo likizama dereva hupenda kulisukasuka, mbele nyuma, mbele nyuma. Kwa klachi kavu, dakika chache za namna hiyo zaweza kumaliza kazi ya miaka. Teremka. Punguza upepo wa tairi, chimba, tia matawi, ita vijana wasukume, ndipo utie gia. Na kama kila wiki unapita mchangani, nasema wazi: hiyo si motokaa yako, hata ikiwa nzuri namna gani. Nunua ile isiyo na haya, Probox au mfano wake, ambayo fundi yeyote hapa aifungua macho yamefumba.

Maji pia. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024, yalikata barabara kati ya Madogo na mji, watu wakavuka kwa mashua. Maji yalipoanza kupungua, baadhi ya magari madogo yalijaribu kupita. Kompyuta na nyaya za giaboksi hizi haziko juu karibu na dirisha, ziko chini kwenye giaboksi yenyewe. Maji ya matope hapo ni hasara ambayo haionekani siku hiyo. Huonekana mwezi wa tatu.

Haibridi zina jambo lake. Betri ikiwa imejaa, motokaa huondoka kwa umeme, na klachi hupumzika. Ndiyo maana wengine wanasema, mbona yangu haina taabu? Lakini mchana wa Garissa umewasha baridi ya ndani, foleni haiendi, betri inashuka, injini inaamka, na kazi ya kuondoka inairudia klachi. Kwa hiyo mtu wa haibridi naye afuate kanuni ile ile.

Nitakaa kidogo juu ya mafuta, maana hapa ndipo wengi huumia. Otomatiki zote si moja. Yule mwalimu niliyemsema alipeleka motokaa gereji moja, akatiliwa mafuta mekundu ya otomatiki ya kawaida, kwa kuwa fundi aliona neno otomatiki akaridhika. Motokaa ilienda siku chache ikaanza kuteleza na kupiga mateke. Giaboksi ya klachi iliyolowa yataka mafuta yake yenyewe, namba yake imeandikwa katika kitabu. Kwa zile za Volkswagen za gia 6 zilizolowa, mafuta na chujio hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kitabu kikiwa cha Kijapani, mtafute mtu akusomee, au upige picha ukurasa ukaufanye simu itafsiri. Vijana wanajua. Mafuta hayo hayapatikani kila duka hapa mjini, basi yaagize Nairobi, Kirinyaga Road, kabla ya siku ya haja, na uyatazame chombo kikiwa bado kimefungwa. Na kabla ya kumwachia fundi funguo, muulize swali moja: unayo mashine ya kusoma kompyuta ya gia hii? Klachi ikibadilishwa lazima kompyuta ifundishwe mahali pa kushika upya. Asiye na mashine hiyo atakufungia klachi mpya na motokaa itatetemeka kama ya zamani.

Sasa kununua. Motokaa zinazoletwa Mombasa ni za umri usiozidi miaka 8, ndiyo sheria. Ila umri si afya. Cheti cha ukaguzi wa kule zilikotoka hakikuelezi klachi imebaki kiasi gani. Kwa hiyo usiijaribu asubuhi ikiwa baridi katika uwanja wa mwuzaji. Iendeshe nusu saa mpaka ipate joto, ndipo uingie katika foleni. Isimamishe kwenye kilima, uondoke polepole. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa ikitoka gia ya 1 kwenda ya 2, au ikingoja kabla ya kushika, au ikigonga ikirudi nyuma, iache. Mwambie mwuzaji aandike katika mkataba kwamba giaboksi ni nzima. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamdai mwuzaji atoe kitu chenye ubora wa kadiri inayofaa, lakini kesi bila karatasi ni ngumu.

Bwana Mwenyekiti, nimesikia kuna pendekezo kwamba Sacco ikatae kabisa kukopesha motokaa za klachi mbili. Mimi sikubaliani nalo. Mwanachama anayekaa mjini, anayepeleka watoto shule na kwenda Nairobi mara moja kwa mwezi kwa lami, aweza kuishi nayo vizuri na akaokoa petroli ya kutosha. Kumkataza ni kumfanya mtoto. Ninachotaka ni mambo mawili yaandikwe katika fomu. Kwanza, motokaa ipimwe na fundi mwenye mashine kabla hundi haijatoka, na karatasi ya kipimo ionyeshwe wadhamini, maana shingo ni zao. Pili, mkopaji asichukue mkopo mpaka ukingoni. Abakishe fungu katika akiba yake ambalo halitaguswa ila kwa giaboksi. Wako watakaosema hilo linachelewesha. Nami nasema afadhali kuchelewa miezi minne kununua kuliko kulipa miaka minne motokaa iliyolala.

Baada ya hotuba yaliulizwa maswali, na Katibu amenitaka niyaandike mawili.

Mama mmoja muuguzi aliuliza kama ni vema kutumia gia kwa mkono, yaani kusukuma kijiti upande wa kujumlisha na kutoa, badala ya kuacha kompyuta. Nilimjibu kwamba kwenye mteremko mrefu yafaa, injini ikasaidia breki. Lakini katika foleni haisaidii klachi, kwa sababu anayeishika na kuiachia ni kompyuta vile vile, mkono wako unachagua namba tu.

Mzee mmoja dereva wa lori, aliyeendesha njia ya Wajir miaka mingi, aliuliza: ikifia porini, tuivute kwa kamba kama tulivyozoea? Nilimwambia, mzee wangu, usiivute huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yako chini, ila kama kitabu chake chakubali, na hapo iwe N, mwendo mdogo na masafa mafupi yaliyoandikwa. Giaboksi huweza kuharibika zaidi ikizungushwa na magurudumu wakati injini imezimika. Ipandishwe juu ya lori. Akauliza lori linalorudi tupu kutoka Wajir laweza kuibeba? Nikamwambia laweza, mradi pawe na mahali pa kuipandishia. Akasema kuna kingo ya udongo karibu na Modogashe ambayo wao huitumia kupakia ng'ombe, na urefu wake ni sawasawa na bodi ya lori. Wenye njia hiyo waikumbuke, na wabebe maji ya kunywa ya siku mbili.